Boriti za Bwana Nasoro

Magoti yangu yamekataa kushuka kisimani. Mwaka jana yalilalamika, mwaka huu yamegoma kabisa, na mchimbaji asiyeshuka anabaki kusimama juu na kutoa maoni, kazi ambayo hapa Bagamoyo ina watu wa kutosha. Kwa hiyo nimewaachia nyinyi vijana kamba na mtaimbo, nami nimeomba karatasi. Sitawaambia nani alinilipa vizuri wala nani aliniita fundi mkuu, maana hayo hayamsaidii mtu aliye chini ya shimo. Nitawaambia machache yanayomsaidia, kisha nitawapa habari ya kisima kimoja ambayo mjini inasimuliwa kinyume, nami nimechoka kuisikia.

Nilianza kazi nikiwa kijana, kwa Fundi Feruzi. Alikuwa mzee mfupi, mpole wa maneno, aliyezaliwa bara, akaletwa pwani mtumwa, akaachwa huru na bwana wake kule Unguja, akavuka kuja huku na timazi lake la kupimia kuta kiunoni. Siku ya kwanza sikupewa jembe. Alinishusha kwa kamba ndani ya kisima kikavu, akaniambia nikae nisiseme neno, kisha yeye akaenda kunywa kahawa. Mwanzoni nilisikia moyo wangu tu. Baadaye nikaanza kuusikia mchanga, chembe moja moja zikidondoka na kugonga chini. Aliponitoa aliniuliza nimesikia nini. Nikamwambia upande wa mashariki unadondoka zaidi kuliko mwingine. Akasema, basi kesho uje. Hatukuandikiana mkataba mwingine mpaka alipokufa.

Kwake nilijifunza kushusha kwanza kuti linalowaka katika kisima cha zamani. Moto ukizimika, hewa ya humo si ya kuvuta, nawe usishuke hata kama mwenye nyumba ana haraka. Nilijifunza kuipitisha kamba ya makumbi mikononi yote, shubiri kwa shubiri, kila asubuhi, hata kama jana ilikuwa nzima. Na nilijifunza kwamba katika mji huu maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyafikia, shukuru na uache kuchimba. Tulikuwa na tajiri mmoja karibu na ufuko aliyetaka kisima chake kiwe kirefu kuliko cha shemeji yake. Feruzi alimkataza. Akaita watu wengine wakachimba zaidi, yakaja maji ya bahari, naye akatutangaza mjini kwamba tumemroga. Ndivyo walivyo baadhi ya wateja. Wazoeeni.

Mwenzangu wa kushuka alikuwa Farjala. Alikuwa mtumwa wa mjane mmoja, Bibi Zuhura, aliyemtoa kufanya kibarua na kuchukua sehemu ya ujira wake. Farjala alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Akiwa chini ya shimo alikuwa na desturi ya kuimba polepole, si kwa furaha, bali ili sisi tulioshika kamba juu tujue kwamba yu mzima. Alipochoka kuimba alipiga ukuta kwa mtaimbo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sikupata kumsikia akisema kwamba kazi fulani ni ya mwingine.

Ukaja mwaka wa ukame. Vuli ilikosekana, na masika yakatema mate tu kisha yakakauka. Watu walishuka kutoka Miono na mbele yake wakiwa na watoto migongoni, wakitafuta chakula pwani, wakakuta pwani nayo inatafuta. Visima vya mji vilibaki tope. Wanawake walikaa foleni na mitungi tangu alfajiri, na mwenye kufika nyuma alikwangua. Sisi wachimbaji tuliitwa kila upande, na wachimbaji wanapoitwa kila upande ndipo wanapokufa, kwa sababu kila mtu anataka maji leo na hakuna anayetaka kusikia habari za miti ya kukinga kuta.

Aliyetuita siku hizo ni Bwana Nasoro. Alikuwa na mashamba ya minazi upande wa Zinga, na hapa mjini nyumba ya mawe yenye baraza pana. Mtu akitaja ukarimu, jina lake lilifuata. Kila Ijumaa kijakazi wake aligawa uji langoni, naye mwenyewe alisimama kando na tasbihi mkononi, akiwauliza maskini hali zao kwa sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Uji ule haukuwa mbaya. Niliunywa mimi mwenyewe. Ila niliona kwamba uligawiwa langoni, penye njia ya watu wote, wala haukugawiwa uani.

Nyuma ya ukuta wa ua wake aliishi mtu wa namna nyingine, Mzee Kombo mchoma chokaa. Ukimwamkia, alijibu kama umemwamsha usingizini. Harusini hakuonekana, na matangani alikuja amechelewa, akala, akaondoka. Matusi yake yalijulikana hadi Kaole. Upepo ukigeuka, moshi wa tanuu lake uliingia kwa Bwana Nasoro, na kwa ajili hiyo walikuwa hawasemezani. Feruzi alinunua chokaa kwake kwa sababu alikuwa haichanganyi na mchanga, wala hapakuwa na sababu nyingine ya mtu kwenda kwa Mzee Kombo.

Bwana Nasoro alitaka kisima uani, na akasema wazi kwamba maji yatakuwa ya watu wote. Mji ulimwombea dua kabla hatujachimba hata pakacha moja. Udongo wa juu ulikuwa mzuri. Chini yake tulikuta mfinyanzi, ukasimama wenyewe kama ukuta. Kisha tukafika kwenye mchanga mwepesi, ule mweupe unaokimbia kama unga ukiugusa. Hapo Feruzi alisimamisha kazi, akaenda kuomba miti ya kukinga kuta.

Na miti ilikuwepo. Kando ya shimo, penye kivuli, zilipangwa boriti mpya kutoka Rufiji, nyekundu bado, zimenyooka kama zimechorwa. Bwana Nasoro alikuwa anajenga ghorofa kwa ajili ya harusi ya binti yake. Feruzi alimwomba chache, akaahidi kwamba ukuta wa mawe ukishajengwa zitatolewa. Bwana Nasoro alijibu kwamba zile zimeshapimwa kwa dari, lakini nyingine zitaletwa kesho, inshallah. Kesho ikaja, na kesho nyingine, miti haikuletwa. Tukakaa juu ya mchanga tukingoja. Mwisho akaja mwenyewe na wazee wake wawili watatu wa barazani, akatuambia kwa upole kwamba wanawake na watoto wanakufa kiu, na sisi tumekaa kivulini. Akatuuliza tuna moyo gani. Wale wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni juu ya mioyo yetu.

Mpaka leo nikikumbuka swali lile damu inanichemka. Mtu ameketi juu ya boriti zake, anakuuliza wewe una moyo gani.

Farjala akasema atashuka yeye, achimbe kidogo kidogo huku miti ikingojwa. Feruzi hakupenda. Alimfunga kamba kifuani kwa mkono wake mwenyewe, akalirudia fundo, akasimama mdomoni mwa shimo bila kukaa. Nilikuwa nimeshika kamba. Farjala aliimba kama kawaida yake. Jua lilikuwa halijafika utosini alipokatiza wimbo katikati ya neno, na mara hiyo hiyo nikasikia mchanga, si chembe, bali wote kwa pamoja, kama gunia la mchele lililopasuliwa. Kamba ikakaza mikononi mwangu, ikakataa kuja.

Vumbi lilipotulia tuliona kichwa chake na bega moja. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeanguka na kumzika hadi kifuani, na jiwe kubwa la matumbawe lililokuwa ndani ya mchanga lilikuwa limemwangukia mguuni. Alikuwa hai. Alituambia asivutwe, mguu umebanwa. Na kuta zilizobaki zilikuwa zinaendelea kumwaga mchanga juu yake taratibu. Hapo hapakuwa na fumbo lolote. Kama kuta hazingekingwa upesi, mchanga ungefika mdomoni mwake kabla ya alasiri, na yeyote ambaye angeshuka bila kuzikinga angezikwa naye.

Feruzi alikimbia kwa Bwana Nasoro. Mzee yule hakuwa mtu wa kukimbia. Bwana Nasoro akatoka, akasogea hatua chache, lakini hakuchungulia shimoni. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Ni mtumwa wa nani?"

Feruzi akamwambia ni wa Bibi Zuhura. Nikamwona uso ukitulia. Nadhani alikuwa amehofia kwamba ni mtoto wa mwungwana. Akasema yeye na Bibi Zuhura ni watu wa kuheshimiana, wataelewana.

"Bwana," Feruzi akasema, "nahitaji boriti hizi sasa. Nizikate nusu nusu, nizipange shimoni. Mtu yu hai."

"Zikikatwa ni kuni, Fundi. Zimepimwa kwa dari, na harusi imekaribia. Nitatuma mtu ufukoni aangalie kama kuna nyingine."

Ufukoni na kurudi na mzigo, kwa miguu, katika jua lile. Feruzi alimweleza. Mimi pia nilisema, kwa sauti ambayo mtu wa hali yangu hakutakiwa kuitumia uani kwa mtu. Alitusikiliza wote kwa utulivu, kisha akasema kila nafsi ina siku yake. Akawaita watumishi wake wawili wenye fimbo wakasimame mbele ya boriti, tusije tukashawishika. Akatandika mkeka barazani, yeye na wazee wake, wakaanza kumsomea Farjala dua. Walisoma vizuri. Sauti ya Bwana Nasoro katika kusoma ilikuwa nzuri kuliko zote. Farjala alikuwa anaisikia kule chini, huku mchanga ukimfika kwapani.

Watu waliojaa uani walikuwa wengi. Miongoni mwao walikuwamo wenye mikono, wenye miti majumbani, na wenye maneno. Walisimama wakitazama barazani kujua wafanye nini, na barazani watu wanasoma dua, basi nao wakainua mikono wakaitikia amin. Siku za kawaida wote hao walikuwa wananiambia kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo huisema hata asiyewahi kuitafuna.

Mzee Kombo alitokea juu ya ukuta. Alikuwa amepanda ili atukane kelele, naam, hiyo ndiyo nia iliyompandisha, alisema mwenyewe baadaye. Akaona watu, akaona shimo.

"Nani yumo?" akauliza.

"Farjala," nikasema.

"Yu hai?"

"Yu hai. Hatuna miti."

Akatazama zile boriti na wenye fimbo. Akamtazama Bwana Nasoro barazani. Akashuka ukuta upande wa kwake, nami nikamhesabu pamoja na wengine walioondoka. Kisha tukasikia mshindo, halafu mwingine, na sauti ya makuti yakiporomoka. Magogo yake ya tanuu yalikuwa mikandaa iliyopinda, hayafai kukinga ukuta, naye alilijua hilo kama sisi. Basi alikuwa anaibomoa nyumba yake. Alianza na baraza, akaendelea na paa la mbele, akachomoa nguzo moja baada ya nyingine. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa anazipitisha juu ya ukuta, uso umejaa vumbi la chokaa na masizi, anatuambia tupokee, tusisimame kama waliofiwa. Mwisho ukaja mlango wenyewe, mzima, na bawaba zake.

Feruzi alipima kwa timazi na kamba, nami nikakata. Alituambia ipi iende wapi na ipi iibane ipi. Mlango tuliushusha ukazuia upande uliokuwa unamwaga. Halafu ikabaki nani ashuke pamoja nami, kwa kuwa kazi ya chini ilitaka watu wawili na Feruzi alikuwa amezeeka. Mzee Kombo alikuwa tayari amevua kanzu.

Hatukutumia sepetu, ingemkata. Tulichimba kwa vifuu vya nazi na kwa vidole. Farjala alikuwa amekuwa wa kijivu, macho yanafumba. Alininong'oneza nimfunike uso kwa kitambaa, mchanga unamwingia. Kila alipotaka kusinzia, Mzee Kombo alimtukana, yeye na ukoo wake na kila aliyemfundisha kushika jembe, matusi ambayo siwezi kuyaandika mbele ya vijana. Mara moja tu alimwambia neno la kuandikika. Alimwambia, "Ukifa humu nitakupiga." Na Farjala, aliyekuwa hana pumzi, akacheka. Tukaendelea hivyo. Jiwe la mguuni tulilinyanyua kwa mtaimbo, mimi nikiegemeza uzito wangu wote na Mzee Kombo akimvuta mguu, na ukelele alioutoa Farjala hapo ndio wa pekee niliomsikia akiutoa maishani.

Tulimtoa kabla ya magharibi. Watu wa kwenye kamba walimpokea wakamlaza mchangani. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya chini ya goti. Bwana Nasoro alishuka barazani, akasogea karibu kwa mara ya kwanza siku ile, akainua mikono.

"Alhamdulillahi," akasema. "Dua zetu zimepokelewa."

Na watu wakaitikia. Nawaapia waliitikia, kwa moyo, na wengine walilia. Mzee Kombo alikuwa amekaa chini hana nguvu ya kuvaa kanzu, vidole vinatoka damu, na hapana aliyemtazama. Ni Feruzi peke yake aliyejibu. Hakupaza sauti, hata waliokuwa nyuma hawakusikia.

"Nilikuomba miti, Bwana, ukanipa dua," alisema. "Sasa mwombe Mungu huyo huyo akuchimbie."

Akakusanya vyombo vyake, nasi tukatoka. Kisima kilimaliziwa na watu wengine, kwa boriti zilizonunuliwa ufukoni siku iliyofuata, upesi na bila shida yoyote. Maji yalikuwa matamu. Watu walikunywa, wakapona kiu, na wakasimulia kwamba kule kwa Bwana Nasoro mtu alizikwa hai akatolewa kwa dua. Waliokuwepo wanaisimulia hivyo. Waliopokea miti ukutani kwa mikono yao wanaisimulia hivyo. Nimewahi kumsahihisha mmoja msikitini, akaniambia nisiwe na kijicho na watu wa heri.

Bibi Zuhura alikuja kumwona Farjala siku za mwanzo. Alimtazama mguu, akauliza kama atatembea. Mwenye kuunga mifupa alimwambia hatatembea sawasawa tena. Kabla wiki haijaisha akamwacha huru mbele ya mashahidi, kwa ajili ya radhi za Mungu. Alisifiwa sana. Miaka yote ile alipokuwa mzima uhuru haukupatikana. Ulipatikana siku alipogeuka mdomo wa kulishwa. Mtu hutupa chungu kilichopasuka, lakini sijaona chungu kikiitiwa mashahidi.

Mwenye kumchukua alikuwa Mzee Kombo. Hakumwalika. Alimwambia tu kwamba nyumba haina paa, kwa hiyo asilalamike mvua ikinyesha, na Farjala akamwambia mvua yenyewe iko wapi. Tulisaidiana kuijenga upya polepole, mimi na Feruzi na Bi Mwanaidi, kwa miti tuliyoipata. Mzee Kombo aliendelea kutukana majirani na kuchelewa matangani. Nawaambia hili makusudi, msije mkadhani kwamba alikuwa malaika aliyejificha. Alikuwa mtu mgumu, mwenye mdomo mbaya, aliyebomoa nyumba yake bila kuulizwa mara mbili. Yote mawili ni kweli, na ningechagua kushika kamba moja naye kuliko na mji mzima wa wapole.

Farjala alijifunza kuchekecha chokaa akiwa ameketi, mguu umenyooshwa mbele. Akawa ndiye anayepima na kuuza, kwa sababu wateja walimpenda kuliko mwenye tanuu.

Harusi ya binti wa Bwana Nasoro iliahirishwa kwa ajili ya njaa, na ghorofa ikachelewa kumalizika. Mvua ziliporudi akahitaji chokaa ya kujengea na kupaka kuta, na wenye chokaa wengine walikuwa hawana. Nilikuwepo siku aliyokuja, nimeketi na Farjala penye chekeche. Bwana Nasoro alisimama pale, kanzu yake nyeupe, akatoa salamu kwa sauti ile ile laini. Mzee Kombo akatoka ndani, akamwona, akamwambia chokaa hamna. Ilikuwa imerundikwa nyuma yake kama mlima.

Nilifurahi. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

Lakini Farjala akasema, "Ipo, Mzee. Mpe."

Mzee Kombo akamgeukia kwa tusi.

"Binti yake atalala mle ndani na watoto wake," Farjala akasema. "Akikosa hii watamjengea kwa mchanga mtupu, na ukuta utawaangukia wao."

Mzee Kombo akatukana tena, lakini akaingia ndani, kukubali kwake kulikuwa hivyo. Farjala akavuta pishi, akaanza kupima. Alipima kwa ukamilifu, kila pishi ikifurika, na kila iliyokuwa na donge alilivunja kwa vidole. Kazi ilichukua muda. Ili kulifikia rundo alilazimika kujiinua kwa mikono, kuuburuta ule mguu, kisha kurudi, na Bwana Nasoro alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba vumbi la chokaa lilimwangukia viatuni. Alizungumza kuhusu mvua. Akamsifu Farjala kwa kipimo kizuri. Watumishi wake walipomaliza kubeba, alimwombea heri, akaondoka.

Habari ya mguu hakuuliza.